Mahindi ya Bt: Tunaogopa Kisichopaswa Kuogopwa

Novemba 2012, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO. Wiki chache kabla, Mfaransa Gilles-Éric Séralini alikuwa ametoa utafiti uliojaa picha za panya waliolishwa mahindi ya GMO, wenye uvimbe wa kutisha. Panya hao, wa aina ya Sprague-Dawley, wakifugwa miaka miwili wengi hupata uvimbe hata kwa chakula cha kawaida, na kila kundi lilikuwa na madume kumi au majike kumi tu. Jarida lililouchapisha liliufuta utafiti huo mwaka 2013, ingawa baadaye ulichapishwa kwingine. Marufuku haikuondolewa hadi Oktoba 2022, ukame ukiwa umeshabana, na hata hapo kesi zikafuata mahakamani.

Mahindi ya Bt, mojawapo ya mazao ya GMO, yamepewa jeni ya bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, ambaye wakulima wa kilimo hai wamekuwa wakimpulizia viwavi kwa miongo mingi (jambo lisilotajwa sana kwenye maandamano). Bungua akitafuna bua, protini ya jeni hiyo huyeyuka katika utumbo wake wenye alkali, hunasa kwenye vipokezi vya ukuta wa utumbo na kuutoboa. Anaacha kula, kisha anakufa. Tumbo letu lina asidi inayoimeng'enya protini hiyo, na utumbo wetu hauna vipokezi hivyo. Tena kuna faida kiafya: tundu la bungua ni njia ya kuvu, hivyo mahindi yasiyotobolewa huwa na sumukuvu ya fumonisini kidogo zaidi. Huko Bangladesh, wakulima waliopanda bilinganya za Bt tangu 2014 wamepunguza upuliziaji wa dawa.

Wapinzani husema mkulima atakuwa mtumwa wa kampuni za mbegu. Hoja hiyo ina uzito, ila anayepanda mahindi chotara tayari hununua mbegu kila msimu. Hoja nzito zaidi ni ya shambani. Afrika Kusini, kufikia 2007, bungua walionekana wakistahimili Bt, sababu mojawapo ikiwa wakulima wengi kutotenga sehemu ya mahindi ya kawaida, ambako wadudu wasio na usugu hukua, kisha hujamiiana na wenzao sugu na kuchelewesha usugu kuenea. Mwenye nusu eka Kakamega ataitoa wapi sehemu hiyo? Wizara na wauza mbegu wabanwe kwa swali hilo kabla pakiti ya kwanza haijafika kwenye duka la pembejeo.