Taa za LED: rezistansi kwanza

Bandugu, mwana wangu alijenga sanduku ya mbao ya kuchezea jeux hapa Kolwezi, kisha akafunga LED moja ku batri ya motokari, volti 12. Ikawaka, palepale ikakufa. Fanyeni hivi: LED tatu nyeupe mu mstari moja zinaomba karibu volti 9. Zinazobaki zinaliwa na rezistansi. Tieni om 270: hata batri ikichajiwa na kupita volti 14, hazitaungua. Ku mulomo ya batri, tieni fyuzi ndogo. Bila ile, nsinga mbili zikigusana, mbao inashika moto. Mukuba tunachimba siye wenyewe, usituunguzie batoto. Usalama tunaudai ku mugodi, tuuanze mu nyumba.