Majani Mawili na Kichipukizi Mbele ya Eksirei: Kweli au Uongo?

Toka Kericho hadi Bomet, kila bustani ya chai imejaa protini za aina ambayo wanafunzi wa uzamifu huzichunguza miaka na miaka kwa mimweko ya eksirei. Mengi yanayosemwa kuhusu kazi hiyo, na kuhusu jani lenyewe, yanahitaji kupimwa.

*Chai nyeusi huchachushwa na bakteria, kama maziwa ya mursik.*
Uongo. Neno "kuchachusha" ndilo linalopotosha. Jani lililonyaushwa likisagwa, seli hupasuka, na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa mbali na kemikali za jani ziitwazo katekini hukutana nazo penye hewa. Oksijeni ndiyo inayozibadilisha. Moyo wa kimeng'enya hicho ni atomi 2 za shaba. Muundo wa ndugu yake wa kwenye viazi vitamu, uliopatikana kwa eksirei, ulichapishwa mwaka 1998.

*Basi rangi ya shaba ya majani kiwandani inatokana na shaba hiyo.*
Uongo. Inatokana na theaflavini na thearubijini, mazao ya katekini zilizooksidishwa.

*Eksirei huharibu protini kabla hujaiona.*
Nusu kweli, na nusu hiyo iliwatesa watafiti muda mrefu. Ndani ya kila jani la kijani imo protini inayopasua maji na kuachia oksijeni tunayovuta. Imeshika atomi 4 za manganizi na 1 ya kalsiamu. Kwa kuwa kila elementi hufyonza eksirei kwa nishati yake, manganizi karibu elektronivolti 6,540, unaweza kujua imepoteza elektroni ngapi hata ikiwa imezama katikati ya maelfu ya atomi nyingine. Tatizo ni kwamba eksirei za kawaida huzirudishia manganizi hizo elektroni, ukajikuta unapima madhara yako mwenyewe.

Mwaka 2009 leza ya eksirei ya LCLS, California, ilianza kutoa mimweko ya femtosekunde. Kata sekunde moja vipande milioni, kisha kila kipande ukikate vipande bilioni: hiyo ndiyo femtosekunde. Mmweko hupita na habari yake kabla atomi hazijawahi kusogea. Sampuli husambaratika baadaye, na mmweko unaofuata hupewa nyingine. Huu ni werevu ninaoustahi sana.

*Mwanafunzi hushinda kwenye mashine miaka yote.*
Uongo. Huomba nafasi, akapewa siku chache za zamu, usiku na mchana. Miezi mingine hukuza bakteria wa kijani-buluu wenye asili ya chemchemi za maji moto na kusafisha protini yao ya kupasua maji kwenye mwanga hafifu, kwa maana mwanga mkali ungeianzishia kazi kabla ya wakati.

*Afrika haina mashine kama hiyo.*
Kweli, na inaniuma. Hata sinkrotroni hatuna. Ya karibu ni SESAME, Yordani, iliyozinduliwa 2017. Taasisi ya Utafiti wa Chai, iliyotoa chai ya zambarau TRFK 306, iko papo hapo Kericho, na kimeng'enya cha shaba kiko mlangoni pake. Mpango wa LAAAMP umekuwa ukiwagharamia mwalimu na mwanafunzi wake kutoka Afrika kukaa miezi 2 kwenye vituo vya aina hii. Anayesoma haya katika Chuo Kikuu cha Kabianga aanze kuandika ombi lake.