Konokono, Jua na Seli Kaidi

Sogeeni, wanangu, nikusimulieni maradhi ambayo wakubwa huyataja kwa kunong'ona: saratani. Mimi sitanong'ona.

Mwili umejengwa kwa seli, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Seli huzeeka, hufa, na nyengine huzaliwa zikashika nafasi, kila moja ikifuata amri iliyomo ndani yake. Amri ikiharibika, seli huweza kukaidi: ikazaana bila ya kikomo, ikavamia jirani, hata ikasafiri na damu hadi kiungo cha mbali. Hiyo ndiyo saratani. Haiambukizwi kwa kushikana mikono wala kula sinia moja, na si uchawi.

Nini huharibu amri hiyo? Hapa Pemba jibu moja limo mtoni. Konokono wadogo wa mito na mabonde ya mpunga hulea vijidudu vya kichocho, ambavyo huwatoka, huingia majini na kupenya ngozi ya mtoto anayeoga. Vikishakuwa minyoo, mayai yake hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuujeruhi. Ndiyo maana mgonjwa hukojoa damu. Kibofu kinachojeruhiwa miaka nenda rudi hujitengeneza upya kila mara, na humo kosa huingia. Mwaka 1994, kituo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kilikitaja kichocho hiki kuwa chanzo cha saratani ya kibofu. Basi dawa ya kichocho, prazikwanteli, ikiletwa skuli, mezeni. Ni chungu, najua. Na msikojoe mtoni, maana mayai huanguliwa majini na vijidudu humrudia konokono.

Jua nalo lina yake. Ngozi nyeusi ina melanini, kinga dhidi ya mionzi; wenzenu wenye ualbino wanayo kidogo mno, na saratani huwaanza usoni, masikioni, midomoni. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua huwalinda. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta yao yaitwayo Kilisun. Mwenzenu akikimbilia kivuli cha mwembe, msimcheke. Mweusi naye hasalimiki kabisa: huweza kumtokea doa la saratani unyayoni.

Wasichana, iko pia saratani ya mlango wa kizazi, iletwayo na kirusi. Chanjo yake Tanzania ilianza kuitoa kwa wasichana wa miaka 14 mwaka 2018.

Saratani ikigunduliwa mapema, mara nyingi hutibika. Mkojo wenye damu, uvimbe, kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa: mwambieni mama siku hiyo hiyo. Mkiona haya, mwambieni bibi, akupelekeni hospitali.