Furaha ya Umati Si Wazimu

Kila msimu wa kurejea mahujaji swali ni lile lile: "Dokta, mtu mzima na akili zake, akiingia kwenye watu wengi akili inakwenda wapi?" Sisi wa Kiembe Samaki, Zanzibar, uwanja wa ndege ni jirani yetu, mambo tunayaona. Nje ya mlango wa kuwasili familia zimejazana, kasida imekolea, na bibi ambaye nyumbani hapandishi sauti analia na kucheka kwa pamoja, kamkumbatia mwanamke asiyemjua hata jina. Mjukuu anauliza, "Bibi kapandwa?" Mara anatokea mtu na chetezo cha ubani.

Hajapandwa. Hicho chetezo kiondoeni, mnamzibia hewa.

Imani kwamba umati huondoa akili ina baba yake. Mfaransa Gustave Le Bon aliandika mwaka 1895 kwamba mtu akizama umatini anashuka daraja, hafikiri tena, anafuata tu. Kipimo hakuwa nacho. Alikuwa na hofu ya wafanyakazi wa Paris walioshika mji wao mwaka 1871, na hofu hiyo akaivisha joho la sayansi. Mussolini alikisifu sana kitabu chake, na kwangu mimi hilo peke yake lingetosha.

Anayetaka ushahidi aende Makunduchi mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya. Wanaume wa upande mmoja na wa pili wanacharazana kwa migomba, wanawake wamevaa vizuri wanaimba nyimbo za kutaniana, kibanda cha makuti kinatiwa moto. Mgeni akitazama atasema watu wamerukwa. Lakini mtazame mpigaji mkononi: mgomba ukimvunjikia anatafuta mgomba mwingine, haokoti jiwe. Chuki ya mwaka inamalizwa pale pale. Mtu asiye na akili angeyajuaje masharti hayo?

Kinachobadilika umatini ni jibu la "mimi ni nani". Mtu anaacha kujihesabu peke yake, anajihesabu na wenzake, na hapo ndipo raha inapotoka. Watafiti Hani Alnabulsi na John Drury waliwahoji mahujaji 1,194 katika Msikiti Mtukufu wa Makka wakati wa Hija ya 2012. Kwa jumla, msongamano ulipozidi watu walijiona hawako salama. Lakini kwa waliojihisi kitu kimoja na umati ilikuwa kinyume: kadiri walivyobanana ndivyo walivyojiona salama zaidi, kwa sababu waliamini wenzao watawasaidia. India nako, mahujaji wa Kihindu wanaokaa mwezi mzima kando ya mto Ganges, kwenye baridi na kelele, walihojiwa kabla na baada ya safari. Hali zao ziliboreka kuliko za majirani waliobaki kijijini. Mwezi mzima kwenye baridi! Nyie mnaniuliza habari ya mapepo.

Imani hiyo ya Le Bon inaua pia. Anayeamini kwamba umati ni wazimu hufunga milango na kuficha taarifa. Kwenye uwanja wa mpira wa Hillsborough, Uingereza, mwaka 1989 washabiki 97 walipoteza maisha kwa kubanwa, na kwa miaka mingi lawama wakabebeshwa wao. Dar es Salaam, Machi 2021, watu 45 walikufa kwenye msongamano Uwanja wa Uhuru, wakati wa kumuaga Rais Magufuli. Hawa hawakuuliwa na hisia. Watu wakizidi watano au sita katika mita moja ya mraba, mtu hana tena amri ya miguu yake, awe na furaha au huzuni, na kifua kikibanwa pumzi haipiti.

Sasa ya kufanya, upesi. Nenda na mtu unayemjua. Ukifika, tazama kwanza pa kutokea. Mtoto mwandikie namba ya simu mkononi. Ukibanwa, mikono iwe mbele ya kifua na usogee kimshazari kuelekea pembeni, usishindane na wimbi. Mwenye kulia mpe nafasi na maji. Usiyesikia raha yoyote kwenye watu wengi, huna ugonjwa, kaa nyumbani. Na nyinyi mnaoandaa shughuli, kabla ya kuajiri walinzi zaidi, ongezeni milango na muifungue yote.