PEREGE WAZAE, LAKINI WAZAE MAHALI PAO

Ndugu mkulima wa Rabai, je, umepata kukausha bwawa lako baada ya miezi sita ya kulisha pumba, ukakuta samaki wengi mno, lakini hakuna hata mmoja wa kumshibisha mtu mzima? Usidhani umerogwa, wala usilaumu pumba. Samaki wako wamezaa kupita kiasi.

Perege, ambaye watu wa Ziwa Victoria humwita ngege, akiwa bwawani huweza kuanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne tu. Dume huchimba kiota cha duara chini ya maji, mfano wa sahani. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani mwake. Mayai huanguliwa humo humo, na watoto hukaa kinywani mpaka waweze kuogelea, yapata siku 10 hadi 14 kwa jumla. Siku hizo mama hali vizuri, kwa hiyo hakui. Na kwa kuwa maji ya Pwani ni ya joto mwaka mzima, baada ya wiki chache huanza uzazi mwingine. Wazazi na watoto hugombea chakula kile kile, na wote hudumaa.

Basi je, tuwazuie wasizae? La, maana mbegu utaitoa wapi? Dawa ni kuwatenga. Fanya hivi:

1. Chimba kidimbwi cha kuzalishia kando ya bwawa kubwa. Kina cha nusu mita hadi mita moja chatosha. Chini pawe udongo, ili dume apate kuchimba kiota.

2. Chagua wazazi wakubwa wenye afya, dume mmoja kwa majike watatu. Mgeuze samaki tumbo juu umtazame nyuma ya tumbo: jike ana matundu matatu, dume ana mawili.

3. Baada ya wiki mbili au tatu, tazama kingo za kidimbwi asubuhi. Ukiona makundi ya vifaranga, wachote kwa wavu wa matundu madogo, uwalee mahali pengine. Ukichelewa, vifaranga waliotangulia kukua watawala wadogo zao.

4. Wakifika gramu 30 hivi, watenge. Madume hukua upesi kuliko majike. Watie hao katika bwawa kubwa, wawili kwa kila mita ya mraba. Bwawa la mita 10 kwa 15 litachukua samaki 300. Majike bora waweke wawe wazazi, waliobaki wawe kitoweo.

5. Hata mwenye jicho kali hukosea, na jike mmoja mmoja atapenya. Kwa hiyo perege wakishakua kidogo, tia kambare wachache walio wadogo kuliko wao. Kambare atakula vifaranga, na wakubwa hatawaweza.

Jambo hili si geni kwa jirani zetu. Kule Bamburi, Bwana René Haller alifanya majaribio ya kufuga perege katika machimbo ya kiwanda cha saruji ambako hata majani yalikuwa shida kuota. Wewe una udongo, una joto, una pumba.

Kwa hiyo ndugu, kabla ya kutia samaki tena, chimba kwanza kile kidimbwi kidogo. Samaki 300 wanene watakusaidia kulipa karo ya mtoto. Samaki 3,000 wa kidole watakumalizia pumba tu.