Ukimya wa Mwanafunzi Darasani: Lugha, Adabu na Matarajio ya Mwalimu

Katika madarasa ya kidato cha kwanza nchini Tanzania, ukimya wa mwanafunzi huchukuliwa haraka mno kuwa ni ujinga. Mwalimu huuliza kwa Kiingereza, mwanafunzi huinamisha uso, na hukumu hupita papo hapo. Makala haya yanafafanua kwamba ukimya huo una vyanzo zaidi ya kimoja.

Chanzo kilicho wazi ni lugha ya kufundishia: Kiswahili katika shule za msingi za umma, Kiingereza sekondari. Tume ya Makweta ya 1982 ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Criper na Dodd (1984) walibainisha kuwa wanafunzi wengi hawakuimudu lugha waliyofundishiwa, kisha, kwa namna ya kushangaza, wakashauri ibakizwe.

Hata hivyo, msamiati si kizuizi pekee. Gumu zaidi kutambua ni mantiki ya mazungumzo. Akiulizwa "Hujamaliza?", mzungumzaji wa Kiswahili ambaye bado hajamaliza hujibu "Ndiyo", yaani anaafiki kauli ya muulizaji. Katika Kiingereza jibu huelekezwa kwenye tendo lenyewe, hivyo hali hiyohiyo hujibiwa "No". Mtoto asemaye "Yes" huonekana mwongo, ilhali amesema kweli kwa sarufi ya kwao. Ndivyo ilivyo kwa saa: anayeandika "two o'clock" kwa saa mbili asubuhi hakukosea hesabu, ameanza kuhesabu pale jua linapochomoza.

Kuna pia suala la maana ya kuuliza. Heath (1983), akichunguza jamii za Carolina nchini Marekani, alionyesha kuwa watoto wa Trackton hawakuzoea kuulizwa na watu wazima maswali ambayo majibu yake tayari yanajulikana, na shuleni maswali hayo yaliwatatiza. Uswahilini hali haifanani kabisa. Vitendawili ni maswali ya aina hiyohiyo: mtegaji analijua jibu. Lakini anayeshindwa hutoa mji, hupewa jibu, na mchezo huendelea bila aibu. Darasani hakuna mji wa kutoa. Swali la mkubwa kwa mdogo hukaribia zaidi lile la "Nani kavunja kikombe?", ambalo kulinyamazia, macho chini, ni adabu.

Matarajio ya mwalimu hukaza fundo hili. Rosenthal na Jacobson (1968) walidai kuwa watoto waliotajwa kwa bahati nasibu tu kuwa wangechanua walipata alama bora zaidi, hasa wa madarasa ya chini. Matokeo hayo yamebishaniwa sana, lakini hoja ya msingi inahusika hapa: asiyetarajiwa kujibu huulizwa mara chache, na asiyeulizwa hapati zoezi la kujibu.

Mwalimu anaporudia swali kwa Kiswahili, mikono huinuka. Mtihani wa taifa, hata hivyo, haurudii swali.