Jirani wa Kiuu na Sufuria Mpya

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi ni mjomba tu, na mjomba hana uchungu wa kujifungua. Lakini mwezi wa Julai mwaka jana nilibebeshwa mzigo wa uzazi mgongoni, nikapanda nao kutoka Mombasa hadi Kiuu.

Ada yetu ya pwani, ndugu msomaji, waijua. Mimba ya kwanza ni ya nyumbani: binti hurudi kwa mamake, akajifungua huko, akakandwa kwa maji ya moto na kukaa ndani siku arobaini. Mpwa wangu alikataa. Mumewe, kijana wa Malindi, hufanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja cha Ruiru, naye hakuwa tayari kumwacha peke yake.

Dadangu aliona ametupwa. Miezi mitatu hakusema na binti yake, na mimi pia nilipata sehemu yangu ya lawama kwa kuwa ndimi niliyeipokea posa. Habari ilipokuja kwamba mtoto wa kike amezaliwa salama, alisema Alhamdulillahi, kisha akanikabidhi kikapu: samli, pilipili manga, udi, tende na kifurushi cha buni.

"Nenda wewe," akaniambia. "Mimi mguu wangu haukanyagi huko. Nani atamkanda mwanangu? Watu wa ghorofani?"

MJI WA KAHAWA USIOKUNYWA KAHAWA

Kiuu ni wadi ya eneo bunge la Ruiru, kaunti ya Kiambu, nayo imo katika Githurai ile iitwayo 45. Jina hilo limetokana na nambari ya basi. Githurai 44 iko upande wa Nairobi na 45 iko Kiambu, hata wenyewe husema nambari pekee na kila mtu akaelewa.

Nilishuka garini kando ya ile barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012, nikaingia sokoni. Palikuwa na nyanya, viazi, ndizi mbichi, mikokoteni na kelele za wapiga debe. Baridi ya Julai huko juu humfanya mtu wa pwani ajutie shati lake, maana Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Kukipambazuka pasipo mawingu, mtu aliye juu ya ghorofa huweza kuuona Mlima Kenya.

Mitaa ya jirani inaitwa Kahawa Sukari na Kahawa Wendani. Ruiru ndiko kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, kilichotoa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985. Basi nilidhani nitakuta mabaraza na madele ya kahawa kila kona. Sikuona hata kikombe. Kila nyumba niliyoingia niliwekewa chai ya maziwa.

Jirani wa mlango wa pili, mama wa makamo aliyezaliwa Murang'a, ndiye aliyenieleza. Babake alikuwa na mibuni. Zamani za ukoloni Waafrika wa sehemu zile walizuiwa kupanda kahawa, na mlango ukafunguliwa hasa baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954. Walipoipata, waliilima iuzwe. "Tulichuma, tukapeleka kiwandani, tukalipiwa karo ya shule," alisema. "Kuinywa? Hiyo ilikuwa pesa, mzee. Nani hunywa pesa?"

MAJI YA SIKU YA TATU

Mpwa wangu alinisimulia yaliyotokea kabla sijafika. Siku ya tatu baada ya kujifungua, maji yalikatika jengo zima. Mumewe alikuwa zamu ya usiku. Maziwa yalikuwa hayajatoka vyema, mtoto analia, naye mwenyewe analia, yuko ghorofa ya nne na ndoo tupu.

Yule mama wa Murang'a akabisha hodi. Alipoona hali, alirudi na wanawake watatu wa ghorofa ya chini, kila mmoja na mtungi mgongoni. Waliweka maji jikoni, wakamwogesha mtoto, wakafua. Kumbe wao nao wana ada yao: mwanamke akizaa, wenziwe humwendea na chakula na kuni, hata kama siku hizi kuni zimekuwa mtungi wa gesi. Na mzazi wao hupikiwa njahi, maharage meusi yenye mstari mweupe, wakiamini huleta maziwa.

Hapo mama yule akasita. Alimwuliza mpwa wangu, "Nyinyi Waislamu mna vyombo vyenu. Nikikupikia kwa sufuria yangu utakula kwa raha?"

Binti, kwa haya, hakujibu. Mama akashuka sokoni, akarudi na sufuria mpya, karatasi ya duka bado imebandikwa. Tangu siku ile njahi ya mzazi ilipikwa humo, wala hapakupikwa kitu kingine.

Niliiona sufuria hiyo kwa macho yangu. Usiku ule nilimpigia dadangu simu. Alianza na maswali yake: amekandwa? Anakunywa uji wa pilipili manga? Nikamweleza habari ya mitungi, kisha habari ya sufuria. Akanyamaza kimya kirefu, nikadhani simu imekatika.

"Alinunua kwa pesa yake?" akauliza.

"Kwa pesa yake."

"Mwambie nitakuja arobaini."

Siku ya saba tulichinja mbuzi wa akika. Nyama ilipogawiwa, fungu la majirani lilipanda na kushuka ngazi mpaka likafika kila mlango.

AROBAINI

Dadangu alikuja kwa gari moshi la Madaraka, amejitanda buibui na sweta juu yake. Alipokutana na binti yake hawakusemezana jambo. Alimkumbatia, akampokonya mtoto, akaanza kumkagua vidole.

Jirani alipoingia kumwamkia, aliuliza mtoto ameitwa nani. Akaambiwa jina la mamake mume. Akacheka kwa furaha: "Hata sisi hufanya hivyo! Wa kwanza ni wa upande wa baba. Usijali, mama. Msichana wa pili atakuwa wewe." Dadangu, ambaye jambo hilo lilikuwa limemkera kimoyomoyo, akacheka naye.

Kisha akatoa leso doti mbili. Moja ya binti, nyingine ya jirani. Maneno yaliyoandikwa pindoni sitayataja, ni yao wawili.

Mwisho aliwasha jiko, akachemsha ile buni iliyosagwa kwa tangawizi, akamimina kwenye vikombe vidogo. Binti wa mkulima wa kahawa alionja kahawa tungu kwa mara ya kwanza. Uso wake ulijikunja.

"Ndiyo hii tuliyokuwa tukichuma?" akauliza. "Leteni sukari!"

Tulimpa tende, naye akamaliza kikombe.

Ndugu msomaji, sisi wa pwani tunajua kuzungumzia haki ya jirani, na mimbari zetu haziachi kuitaja. Lakini wana wetu wengi leo wanazaa na kulea mbali na mama zao, kwenye ghorofa zenye ngazi nyembamba. Tusiwakatie simu kwa kuwa hawakurudi. Tuulize kwanza nani amebisha hodi, kisha tumpelekee leso yake.

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Sufuria ile mpaka sasa iko jikoni kwa mpwa wangu. Dadangu ameagiza isipewe mtu.